Tupeane uzoefu: pedi ya drumu ya umeme imewahi kukuaibisha wapi?

Fimbo_za_FreeArea: Wakuu, habari zenu. Jana ibadani hapa Nakuru tulifika wimbo wa kuabudu, ule wa taratibu, watu macho wamefumba. Nikagusa sneya, ile drumu ya mbele yangu, kidogo, kimya. Nikaongeza mkono, kimya. Nikaongeza tena, PAA! Mama wa safu ya mbele akaruka na Biblia yake. Mke wangu hajaacha kunicheka mpaka saa hii. Nimepandisha sensitiviti, yaani usikivu wa pedi, hadi mwisho, na sasa hata nikiigusa kwa kidole inalia kama nimeishukia na rungu. Nyinyi mlipitia nini? Semeni kabla Jumapili haijafika.

Binti_Kondele: Karibu chamani. Mimi iliniaibisha kwenye harusi ya dada yangu mwenyewe, hata sitaki kueleza.

Fundi_Miksa_Kisumu: Kaka, sensitiviti si sauti. Ule ubongo wa drumu, kile kisanduku chenye skrini, unasoma nguvu ya pigo kwa namba, 1 hadi 127. Ukipandisha sensitiviti kupita kiasi, pigo dogo na pigo kubwa yote yanafika 127, ndiyo maana kila kitu ni rungu. Kilichomeza mapigo yako madogo ni thresholdi. Hicho ni kizingiti: pigo lisilokivuka halihesabiwi. Shusha hicho kidogo kidogo, halafu urudishe sensitiviti ulikoitoa. Kisha piga kwa nguvu zako zote huku ukitazama kile kipimo cha kwenye skrini. Kifike juu kabisa hapo tu, si kabla.

Omwami_wa_Shinyalu: Isukuti, ngoma yetu ya Waluhya, haina kizingiti. Ngozi ikilegea tunaianika juani, basi. Na tangu 2014 iko kwenye orodha ya UNESCO. Hiyo pedi yenu iko kwenye orodha gani?

Fundi_Miksa_Kisumu: Omwami, ile ni orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Usijisifu sana.

Omwami_wa_Shinyalu: Inahitaji kuokolewa kwa sababu yenu nyinyi wa nyaya!

Kijiti_cha_Ugenya: Mkiskia kizingiti mimi tumbo linanikata. Wacha niseme.

Ilikuwa matanga, kwetu Ugenya, mwezi wa Juni. Jukwaa la mbao juu ya mapipa, na jenereta imeegemezwa palepale ubavuni kwa sababu waya ulikuwa mfupi. Jioni nililalamika kwamba pedi ya kiki haisikii mguu wangu. Kijana wa mitambo akashusha kizingiti hadi sifuri, sensitiviti juu. Usiku ulikuwa mtamu jamani, tulikesha hadi jogoo.

Asubuhi ikawa ibada. Mimi niko nyuma ya jikoni na sahani yangu ya nyoyo, yale mahindi na maharagwe. Mhubiri akaomba dakika moja ya kimya. Jenereta ilikuwa inaishiwa petroli, imeanza kukohoa, na kila ikikohoa zile mbao zinatikisika. Ndani ya kimya kile: DU.

Watu wakafumbua macho. Kwenye drumu hakuna mtu. Fimbo ziko juu ya kiti, zimelala. DU. Jeneza liko hatua tatu kutoka kwa spika. DU-DU. Mjomba wa marehemu, mzee wa bakora na kofia ya manyoya, akasema kwa sauti, "Anabisha hodi!"

Waliokuwa nyuma ya hema hawakungoja maelezo. Walipita kwenye mahindi kama ng'ombe waliokata kamba. Mjomba mwenyewe aliwapita vijana, kofia ikabaki. Mimi ndiye peke yangu niliyekimbia kuelekea jukwaani, mkono mmoja umejaa nyoyo, nikang'oa waya. Tulipolipwa walitukata pesa ya viti viwili vilivyovunjika.

Binti_Kondele: Nimecheka hadi jirani amegonga ukuta 😂

Mzee_Section58: Sisemi kitu. Ila jenereta ilikohoa mara nne? Ulihesabu? Na marehemu alikuwa na deni la mtu?

Kijiti_cha_Ugenya: Jaduong', ni jenereta.

Mzee_Section58: Nimesema sisemi kitu.

Alto_wa_Bungoma: Turudi kwa pedi. Yangu ilikuwa na kigugumizi, pigo moja sauti mbili, ta-ta. Nikaambiwa nipandishe ile ya kuzuia marudio. Kigugumizi kikaisha, lakini na mapigo yangu ya haraka yakamezwa. Mwisho nikaifungua kwa bisibisi. Ndani kuna kisahani chembamba cha rangi ya shaba, kama sarafu, chenye nyaya mbili nyembamba kama nywele. Juu yake kuna sponji iliyochongoka inayogusa ile ngozi ya neti kutoka chini. Ya kwangu ilikuwa imebonyea upande mmoja. Nilikata kipande cha godoro, kikakaa wiki mbili kikalala. Nikakata patipati kuukuu ya mtoto. Hadi leo inapiga.

Omwami_wa_Shinyalu: Patipati! Na mnaniambia mimi nina ngoma ya kuokolewa.

Kebo_Nyeusi: Hakuna kubonyeza namba zozote. Badilisha kebo. Pedi yenye sauti ya kati na ya ukingo inataka kebo ya stereo, ile yenye pete mbili nyeusi kwenye ncha. Ukiweka ya gitaa, ukingo unakufa.

Mpita_Njia_254: Mimi naona mpigaji apunguze ugali.

Fimbo_za_FreeArea: Haya, nimerudi. Nimeshusha kizingiti, sensitiviti nimeirudisha katikati, na sneya inasikia hata kidole. Asanteni. Lakini sasa nikikanyaga kiki, tamu (ile drumu ya tom) inalia yenyewe.

Fundi_Miksa_Kisumu: Hiyo ni krostoki. Zote zimefungwa kwenye chuma kimoja, mtikisiko unasafiri. Pandisha krostoki ya hiyo tamu, namba moja moja, ukikanyaga kiki kila mara. Ikinyamaza, simama hapo hapo. Ukizidisha itameza mapigo halali ukipiga zote mbili pamoja. Na kaza zile klampu.

Mpita_Njia_254: Ama uhame kanisa.

Binti_Kondele: Kijiti, lakini yule mjomba alirudi kuchukua kofia?

Kijiti_cha_Ugenya: Alituma mtoto.