Kwa nini karibuu wa kundi la Porcupine huzalia pwani?

Mdadisi: Ndugu zangu, naomba kueleweshwa kwa nini karibuu hawa, kulungu wakubwa wa kaskazini ambao kundi lao limepewa jina la mto Porcupine, na ambao majira ya baridi huwa Yukon nchini Kanada na Alaska nchini Marekani wakifukua theluji kwa kwato ili wapate kuvumwani (viumbe kama mimea vinavyoota juu ya mawe na ardhi), huvuka milima na mito iliyofurika kwenda kuzalia kando ya Bahari ya Aktiki.

Mwanaikolojia: Ndugu Mdadisi, majike wenye mimba hutangulia kwa sababu mapema mwezi Juni majani ya huko ndiyo kwanza yanachipua, nayo huongeza maziwa, ilhali mbwa mwitu na dubu ni wachache kuliko milimani. Ndama husimama muda mfupi tu baada ya kuzaliwa, miguu ikimtetemeka.

Msomaji: Naongeza suala la mbu. Wanapozuka, kundi hubanana kwa maelfu na kukimbilia penye upepo ufukweni, kwa hiyo uchimbaji wa mafuta katika uwanda mwembamba wa pwani wanakozalia unanitia hofu kubwa. Hesabu ya mwaka 2017 ilikadiria karibuu 218,000, lakini wingi huo usitupumbaze. Wagwich'in, wenyeji wa asili wa eneo hilo ambao nyama ya karibuu ndiyo chakula chao, huuita uwanda huo mahali patakatifu uhai unapoanzia.