Mahindi ya GMO Makutupora: majaribio yarudishwe, au fedha ziende kwenye mtama?

Mwanzisha mada: Wakuu, Oktoba 2016 mahindi ya GMO, yaani yaliyowekewa jeni ya kustahimili ukame, yalipandwa kwa majaribio Makutupora, Dodoma, chini ya mradi wa WEMA (mahindi yanayotumia maji vizuri kwa Afrika). Novemba 2018 serikali ikaagiza yasimame, na Januari 2021 Wizara ya Kilimo ikayafuta. Mimi nasema yarudishwe. Mvua yetu hapa Dodoma ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, Desemba mpaka Aprili, na Februari jua hukatiza katikati. Mbegu ikataliwe baada ya kuona mavuno.

Mdau wa Kongwa: Mkuu, tuanze na jeni yenyewe. Ni cspB, ya bakteria Bacillus subtilis. Protini yake huzuia nyuzi za RNA, zinazobeba maagizo ya jeni, zisijikunje seli inapobanwa na ukame, ili kazi ya kutengeneza protini iendelee. Sasa angalia mahindi yanapoumia: wakati wa kuchanua. Mbelewele, ua dume la juu, inatoka kwa wakati wake, ndevu za gunzi zinachelewa, zikichomoza chavua imeshakwisha. Menya gunzi la shamba lililopigwa na jua wiki hiyo, utakuta punje chache zimetawanyika na kwingine gunzi tupu. Jeni inaweza kupunguza hasara hapo. Udongo ukikauka mpaka chini, haina msaada.

Mwanzisha mada: Kupunguza hasara ndiyo hoja yangu, kaka.

Dada wa Bahi: Basi mtama mnauruka kwa nini? Kuna mtama unaobaki kijani hadi kukomaa, asili yake Ethiopia. Sifa hiyo iko kwenye sehemu nne za kromosomu, Stg1 hadi Stg4. Mmea unatoa machipukizi machache, unatumia maji kidogo mapema, akiba inabaki udongoni mpaka punje zijae. Sifa hiyo inahamishwa kwa kuchavusha kawaida tu, bila kibali cha GMO. Fedha ziende huko, na kwenye kuzalisha mbegu safi ya Macia, aina ya mtama.

Mdau wa Kongwa: Dada, nakubali, ila usisahau kweleakwelea. Macia ni mweupe, hauna tanini, ule ukakasi wa punje, ya kuwafukuza ndege hao. Kuanzia punje zikiwa na maziwa mpaka kuvuna, lazima mtu awepo shambani alfajiri na jioni. Kijiji kikipanda kwa pamoja, ndege wanagawanyika. Anayepanda peke yake ndiye analiwa.

Dada wa Bahi: Kweli kabisa. Basi majaribio yakirudi, masharti yangu ni haya: mahindi hayo na Macia, kila zao nusu kwenye shamba tambarare, nusu kwenye mashimo ya Chololo, yaani mashimo madogo ya kupandia yanayokusanya maji ya mvua. Upana sentimita 22, kina 30, shimo hadi shimo 60, mstari hadi mstari 90, kwa kontua, yaani kukata mteremko. Yachimbwe kiangazi, ukingoja mvua, maji ya kwanza yameshapita. Weka samadi na majivu ya kuzuia mchwa, lakini usijaze hadi mdomoni, maji yatakosa pa kukaa. Mahindi ya jeni yakishindwa na Macia wa kwenye mashimo, kura yangu ni hapana.

Mwanzisha mada: Masharti hayo nayapokea. Ongeza moja: tarehe ya kuchanua iandikwe kwa kila kipande, maana bila hiyo hatutajua kama ni jeni au ni bahati ya mvua.