Chaneli za antena zina kufuli, Tvheadend (programu ya kurekodi TV) hairekodi, hii ndo DRM (kufuli ya kidijitali) au nimekosea setingi?

shifti_ya_usiku
Wakuu habari za saa hizi. Niko Texas, napiga kazi usiku, sasa mechi ya mpira ya Jumamosi kwenye stesheni ya NBC huku inaanza saa tano na nusu asubuhi na mimi mida hiyo ndo nakoroma. Nikaona nisiteseke, nikapandisha antena juu ya paa, kompyuta ya zamani nikaipiga Linux na Tvheadend, juu ya tyuna yangu ya zamani nikaongeza mpya ya ATSC 3.0, mfumo mpya wa TV ya antena huku Marekani, maana niliambiwa picha yake balaa. Kuskani chaneli zimekuja zote ila nne zina kialama cha kufuli, ukirekodi unapata faili tupu. Nimebadili waya, nimeinua antena, wapi! Si TV ya bure hii jamani, nani ananifungia kitu cha hewani?

fundi_waya
Antena yako haina kosa mkuu, shuka huko juu usije ukaanguka bure. Ni stesheni yenyewe imefunga signali kwa DRM, inayoisimamia ni kundi la watangazaji linaitwa A3SA. Ili kifaa kipewe ufunguo lazima kipasishwe na kiahidi kuuficha huo ufunguo hata kwa wewe uliyekinunua. Sasa Tvheadend na mwenzake MythTV, hizi programu msimbo wake (code) uko wazi, yeyote anafungua anasoma anabadilisha, utaficha wapi ufunguo? Hata waandishi wake wakitaka kutii hawawezi. Na usihangaike kutafuta wa kukuvunjia kufuli, DMCA, sheria ya Marekani ya 1998 inayokataza kuvunja kufuli hizi, haicheki na mtu.

mzee_myth
Sie wa MythTV picha hii tulishaiona. Novemba 2003 FCC, wasimamizi wa mawasiliano Marekani, walipitisha kitu kinaitwa broadcast flag, yaani alama ndani ya signali, na kila tyuna ya dijitali itakayotengenezwa kuanzia Julai 1, 2005 iitii hiyo alama na iwe mnunuzi hawezi kuichokonoa. Watu walikimbilia kununua kadi za pcHDTV, tyuna za kuchomeka kwenye kompyuta, kabla mlango haujafungwa. Chama cha maktaba cha Marekani na wenzao wakaenda mahakamani, Mei 2005 mahakama ya rufaa ya Washington ikawaambia FCC hamna mamlaka juu ya kinachofanywa na mashine ya mtu signali ikishapokelewa. Ikafa hapohapo. Ila ya sasa ni janja zaidi maana hakuna sheria inayomlazimisha mtu, stesheni inafunga yenyewe kwa hiari yake, sasa utaenda kushitaki sheria gani?

binti_tanga
Samahani kaka zangu, kwahiyo na ile DVD rekoda ya baba yangu mdogo huko Ohio ndo basi tena? 😂

fundi_waya
@binti_tanga hapana dada, bado inadunda kama ana kiboksi cha kubadili dijitali. Na hili linamhusu mleta uzi pia: stesheni ikihamia ATSC 3.0 chaneli yake kuu kwa kawaida inaendelea kurushwa na kwa ATSC 1.0 ya zamani, mara nyingi kwenye masafa ya stesheni jirani, na hiyo iko wazi haina kufuli. Skani upya, chagua ya 1.0 tu. Picha ni ya mfumo wa zamani wa MPEG-2, haina 4K wala nini, ila mpira utauona, na sauti utaipata bila shida, ile sauti ya 3.0 inayoitwa AC-4 hata ukiipata bila kufuli inasumbua kwenye Linux.

shifti_ya_usiku
Aisee imekubali!! NBC ilikuwepo mara mbili kwenye listi, mimi nilikuwa nang'ang'ania ile yenye kufuli. Kipindi cha kwanza peke yake kimekula kama giga nne, naenda kutafuta hadidiski. Ile tyuna mpya kuna anayeitaka? Boksi lake lipo.

mzee_myth
Usiuze, na yenyewe inashika 1.0. Rekodi mechi mbili kwa mpigo.