Buenos Aires 1810: baraza la mji lilimng'oaje mwakilishi wa mfalme huku likiapa kwa mfalme huyohuyo?

Mdadisi: Wakuu, Mei 1810 Cisneros, mwakilishi wa mfalme wa Hispania, aling'olewa Buenos Aires, lakini junta (kamati ya utawala) mpya ikaapa kwa jina la mfalme huyo, Fernando VII. Uhalali waliupata wapi?

Kalamu: Anzia Bayonne, Ufaransa, Mei 1808. Napoleon aliwabana Carlos IV na mwanawe Fernando wakaachia taji, akampa kaka yake Joseph. Wahispania waliokataa wakaunda Junta Central itawale kwa niaba ya Fernando aliyekuwa kifungoni. Hiyo ndiyo iliyomteua Cisneros, nayo ikavunjika Januari 1810. Castelli, mwanasheria wa Buenos Aires, akajenga hoja: mfalme asipokuwepo, mamlaka yanarudi kwa watu; na aliyemteua Cisneros hayupo tena. Kumwondoa hakukuwa kumwasi Fernando.

Bandari: Utaratibu nao una uzito. Kwa jambo kubwa namna hiyo, baraza (cabildo) liliita kikao cha wazi, tena kwa kibali cha Cisneros mwenyewe. Ilitolewa mialiko kama 450. Mei 22 wakafika 251. Usidhani "wazi" ni kwa wote: waliitwa maofisa, mapadri, wanasheria, wafanyabiashara. Kura ilitamkwa mbele ya wote na kuandikwa.

Baraza likaharibu Mei 24 kwa kuunda junta yenye Cisneros kama mwenyekiti, na jeshi likabaki mkononi mwake. Vikosi na umati wakakataa, ikaanguka siku hiyohiyo. Kesho yake ikaja ya watu 9: Saavedra rais, Moreno na Paso makatibu, wajumbe 6.

Kalamu: Udhaifu wa hoja aliuonyesha Villota, mwanasheria wa serikali: mji mmoja hauwezi kuiamulia himaya nzima. Paso akajibu kuwa Buenos Aires inashika mamlaka kwa dharura, miji mingine itaitwa kuleta wajumbe. Barua zilitoka Mei 27. Montevideo na Asunción zikakataa.

Mdadisi: Mbona Mexico hoja hiyohiyo ilikwama 1808?

Bandari: Bunduki, mkuu. Primo de Verdad aliitetea hoja hiyo kwa niaba ya baraza la Mexico, na Iturrigaray, mwakilishi wa mfalme, akaelekea kuikubali. Usiku wa Septemba 15 watu wa tajiri Yermo wakamkamata Iturrigaray. Verdad naye akakamatwa, akafia kizuizini. Baraza halikuwa na kikosi cha kulisimamia. Buenos Aires ilikuwa na wanamgambo tangu uvamizi wa Waingereza wa 1806 na 1807, na kamanda wa Patricios, kikosi kimojawapo cha wanamgambo hao, alikuwa Saavedra.