Konokono wa ziwa hawatoki vizuri kwenye kamera ya TG-6, na kioo kinaingia ukungu. Naomba ushauri

Mwalimu_wa_Mwambao: Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Nafundisha bayolojia sekondari hapa Kigoma. Jumamosi nawapeleka wanafunzi kwenye mawe ya ufukweni kupiga picha konokono wa Tanganyika, wengi wao hawapatikani ziwa lingine lolote. Nimepata Olympus TG-6 ya mtumba, ile ya kuzama hadi mita 15. Konokono wa milimita tano akitoka vizuri kwenye kilele cha gamba, mdomo wa gamba (tundu analotokea) hauonekani vizuri, na mdomo ndio unaonisaidia kumtambua. Halafu nikizama nayo kidogo tu, lenzi inaingia ukungu kwa ndani. Imevuja?

Kibirizi_Nyumbani: Mwalimu, kama chumba cha betri ni kikavu, bado haijavuja. Uliifungulia wapi? Ukifungua kifuniko pale ufukweni unafungia hewa yenye unyevu ndani. Kamera ikipata jua, kisha ukaizamisha ghafla, unyevu ule unatua kwenye kioo. Weka betri na kadi nyumbani, mahali pakavu, usifungue tena mpaka urudi.

Dada_Ujiji: Usiamini sana hizo mita 15, ni za mpira mpya wa kuzuia maji. Chembe moja ya mchanga kwenye mpira wa kifuniko inatosha. Yangu ilikufa hivyo, na picha za siku nzima zikaenda nayo. Iache kwanza kwenye ndoo ya maji saa nzima, bila kadi.

Mpiga_Wadudu: Kuhusu konokono: ukisogea karibu hivyo, sehemu inayoonekana vizuri inakuwa nyembamba mno. Zungusha kitufe hadi alama ya maikroskopu, humo inalenga hata sentimita 1 kutoka kwenye lenzi. Chagua kuunganisha fokasi. Inapiga picha kadhaa, kila moja ikilenga mbali kidogo, halafu inazifanya moja. Ila konokono akitembea picha inaharibika, kwa hiyo mlaze mdomo juu kwenye sahani ya maji, mpige picha akiwa bado amejificha. Kamera yenyewe itamtia kivuli. Karatasi nyeupe pembeni inarudisha mwanga. Na rula iwepo kwenye kila picha, tafadhali! Bila kipimo, mtu mwingine hatajua ukubwa wake. Ukimaliza, mrudishe kwenye jiwe lake.

Mwalimu_wa_Mwambao: Asanteni sana. Nimefungua kifuniko sasa hivi: kuna mchanga kwenye mkunjo wa mpira. Dada, umeniokolea kamera. Jumamosi tutapigia kwenye sahani tu, haizami mpaka nipate mpira mpya. Kuna anayejua fundi wa kuubadilisha hapa mjini?

Dada_Ujiji: Nitakuulizia kesho, mwalimu.