Mjadala: Je, vyuo viendelee kufundisha madaraja ya anwani za IP?

Mtoa hoja: Katika mtihani wa mitandao niliousahihisha muhula uliopita, swali liliuliza anwani ya IP (namba inayotambulisha kifaa mtandaoni) 172.20.5.1 ni ya daraja gani na maski yake, yaani namba inayoonyesha sehemu ya anwani iliyo ya mtandao, ni ipi, na jibu lililotakiwa lilikuwa daraja B, 255.255.0.0. Mwaka 1981 jibu hilo lilikuwa sahihi, kwa kuwa biti (tarakimu za 0 na 1) za mwanzo kati ya biti 32 za anwani ndizo zilizoamua daraja, na daraja ndilo lililoamua ukubwa wa mtandao: 0 ni A, 10 ni B, 110 ni C. Tangu CIDR, mfumo wa kugawa anwani bila madaraja, ianze mwaka 1993, anwani peke yake haisemi sehemu ya mtandao inaishia wapi. Hilo husemwa na namba iliyo baada ya mkwaju, iwe /24 au /20, ambayo ni idadi ya biti za mtandao. Kwa nini basi tumnyime alama mwanafunzi anayejibu kwamba maski haijulikani?

Mchangiaji wa kwanza: Mwalimu, kuhusu mtihani nakubali, lakini somo lisiondolewe. Asiyejua kwamba mtandao wa daraja B ulibeba vifaa 65,534 na wa C vifaa 254 tu, hataelewa CIDR ilizaliwa na shida gani: taasisi yenye kompyuta 900 ilichukua ama B moja, anwani zaidi ya 64,000 zikalala bure, ama C nne, na kila moja ikadai mstari wake katika majedwali ya ruta, vifaa vinavyoelekeza data kati ya mitandao. Leo /22 moja, yenye nafasi 1,022, inaitosha. Tena anwani zinazoanza na 224 hadi 239, yaani daraja D, zingali kazini, zikipeleka ujumbe mmoja kwa vifaa vingi kwa pamoja.

Mtoa hoja: Sikusema liondolewe. Nasema liwe kipindi kimoja cha historia, baada ya mwanafunzi kuzizoea biti, kwa sababu tunachoanza nacho ndicho kinachoganda kichwani. Nimewaona mafundi wenye shahada wakinunua ruta ya pili kwa kuamini kwamba mtandao wenye anwani zinazoanza na 192.168 hauvuki vifaa 254 kwa kuwa eti ni C, ilhali /23 ingewapa nafasi 510.

Mchangiaji wa pili: Na IPv6, toleo jipya la anwani za IP lenye biti 128, haina madaraja hayo kabisa. Lakini nani atabadili mitihani, ikiwa watungaji ni walewale?

Mtoa hoja: Mmoja wao ni mimi, na swali lile nililirithi nikalipitisha mara mbili bila kulihoji. Muhula ujao litasomeka hivi: kwa 172.20.5.1/20, taja anwani ya kwanza na ya mwisho ya mtandao wake.