Naombeni ushauri: filamu yangu ya kutisha, muziki nitunge mwenyewe au nimwachie mtu?

Kinanda_Moro (mleta uzi)

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Natengeneza filamu fupi za kutisha hapa Morogoro, na muziki wake natunga mwenyewe kwa kinanda na kompyuta. Sasa amejitokeza mtu wa kutoa hela ya filamu ndefu, ya kwanza kwangu. Anataka moja kati ya mawili: muziki afanye prodyuza wake wa Dar, kwa sababu anaamini muongozaji anayetunga muziki hamalizi kazi, au nifanye vyote, nilipwe hela moja ya skripti, uongozaji na muziki, na kila kitu kiwe mali yake.

Wakuu, mara nyingi sauti ndiyo hunijia kwanza, halafu ndiyo naiona nyumba yenyewe na nani yumo ndani. Nikiuondoa muziki sijui nitaongozaje. Nimekua nikimtazama John Carpenter, muongozaji wa filamu za kutisha anayejitungia muziki mwenyewe, lakini yule ni Mmarekani, na mimi nina mke na mtoto wa kulisha. Nishaurini.

Mzee_wa_Projekta

Marahaba kijana. Carpenter watu humtaja juu juu, wakati maisha yake ya kazi yana mengi yanayokuhusu. Filamu yake ya Halloween ya 1978 ilitengenezwa kwa dola 300,000 hivi. Muziki aliufanya mwenyewe kwa sababu hakukuwa na hela ya kumlipa mtunzi. Malipo yake kwa kuandika (pamoja na Debra Hill), kuongoza na kutunga yalikuwa dola 10,000 tu, zote kwa mkupuo, kama unavyotakiwa kulipwa wewe. Ila alibaki na asilimia 10 ya faida, na filamu ikaja kuingiza kama dola milioni 70. Kwenye mkataba wako sioni hiyo asilimia. Hapo ndipo pa kubana.

DadaMhariri

Kaka, mimi nahariri picha, nakuelewa kabisa. Hiyo hiyo Halloween, kabla ya kuwekwa muziki, Carpenter alimwonyesha dada mmoja bosi kutoka 20th Century-Fox, kampuni kubwa ya filamu Marekani. Hakutishika hata kidogo! Ndipo Carpenter akaamua kuiokoa kwa muziki: kinanda kinachorudia mapigo matano matano, mapigo aliyofundishwa utotoni na baba yake, mwalimu wa muziki, kwa ngoma za bongo. Sikio letu limezoea manne, kwa hiyo la tano linakuacha bila mahali pa kukaa.

Usibishane na huyo mwenye hela kwa maneno. Chukua tukio moja kwenye filamu zako fupi, mwonyeshe bila muziki, kisha mwonyeshe na muziki wako. Tena mwonyeshe usiku, kwa spika nzuri, si kwenye simu.

Boda_wa_Sinema

Naomba nipingane kidogo. Carpenter huyo huyo alipofanya The Thing mwaka 1982, muziki alipewa Ennio Morricone, Mwitaliano, ingawa vipande vichache vya sinthesaiza (kinanda cha umeme) alijiongezea mwenyewe. Filamu ilianguka sokoni, leo inaheshimiwa kuliko nyingi alizotunga mwenyewe. Kumwachia mtu si kushindwa.

Halafu hata alipotunga hakuwa peke yake. Amesema mwenyewe hajui kusoma wala kuandika nota. Kwenye Halloween, Dan Wyman alimsaidia kuandaa milio ya sinthesaiza. Kuanzia Escape from New York ya 1981 akafanya kazi na Alan Howarth. Kwa hiyo mkubali prodyuza wa Dar, lakini awe fundi wako: wewe utunge, yeye arekodi na kusafisha sauti. Hofu ya mwenye hela ya kuchelewa inaisha hapo.

Hakimiliki_Kwanza

Mawazo yote mazuri, lakini tenganisheni mikataba jamani. Skripti na uongozaji mkataba wake, muziki mkataba wake. Nyimbo zako peleka COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, ukazisajili kabla ya kumkabidhi mtu faili lolote. Haki unayo tangu ulipotunga, ila siku ya ugomvi usajili ni ushahidi.

Na usidhani muziki ni kazi ya ziada. Filamu ndefu ya mwisho Carpenter kuiongoza, The Ward, ilitoka 2010. Mwaka 2015 akatoa albamu, Lost Themes, pamoja na mwanawe Cody na mpiga gitaa Daniel Davies, kisha wakazunguka kupiga majukwaani. Halloween mpya ya 2018 aliiongoza mwingine, muziki wakafanya wao watatu. Kuongoza kunachosha mwili; muziki ndio umemweka kazini uzeeni.

Kinanda_Moro

Nawashukuru sana, mmenifungua macho. Nitamkubali prodyuza kama fundi, na nitadai mikataba miwili. Swali la mwisho kwa Hakimiliki_Kwanza: akikataa kabisa kunipa asilimia?

Hakimiliki_Kwanza

Akikataa asilimia, mpe ruhusa ya kutumia muziki ndani ya filamu hiyo tu na kwenye trela yake. Albamu, miito ya simu, matangazo ya bidhaa na sehemu ya pili ya filamu viandikwe wazi kwamba ni vyako, na akivitaka mkae upya. Akileta karatasi, usisaini siku hiyo hiyo. Rudi nayo nyumbani, msome na mkeo, na utafute wakili aipitie kabla hujarudi kwake.